Mjomba Wako Alikuja Mara Tatu

Mwanangu Zuhura,

Nimemwambia Bibi Tabu asikupe karatasi hizi mpaka muwe mmevuka mto Mgeta na mji hauonekani tena nyuma yenu. Kwa hiyo kama unasoma, mmevuka, na Alhamdulillahi. Kaa chini. Mpe Idi muwa atafune, maana hatakuacha usome kwa raha, na Asia naye apumzishe miguu. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Sasa hivi ninapoandika ni alasiri, nawe uko uani unatwanga mtama wa njiani. Nakusikia. Hutwangi, unapiga. Tangu asubuhi nilipokwambia kwamba kesho mtatangulia na Bibi Tabu nami nitawafuata baada ya siku tatu, umekuwa ukinitazama kwa jicho la mama yako, lile la mtu anayejua kwamba muuzaji amepunja kibaba. Umeniuliza mara mbili, "Baba, siku tatu kweli?" Nikasema kweli. Mara ya pili nilijifanya natafuta kofia. Haya, sasa nakwambia: si kweli. Siji.

Sikukwambia kwa mdomo kwa sababu nakujua. Ungekaa kitako pale mlangoni na hata askari kumi wasingekuinua, na Idi angekaa kwa kukuiga. Na mji huu sasa si wa kukaa. Waingereza wameshapita Turiani, Wadachi wanafungasha, moshi wa karatasi zinazochomwa boma unaingia mpaka huku kwetu Mwembesongo. Askari wanapita nyumba kwa nyumba wakichukua mtama, kuku na watu. Mtu akisikia vishindo njiani anawaingiza watoto uvunguni.

Sitakuandikia habari ya kufunga mzigo wala kuchemsha maji. Hayo unayajua kuliko mimi, tena umekuwa ukiniambia hivyo tangu una miaka kumi. Nimetumia herufi za chuoni, si za Kidachi, ili askari akiwapekua aone ni kitu cha dini akurudishie. Akikuuliza, mwambie ni dua. Si uongo mkubwa.

Ninachotaka ujue ni mlango mnaokwenda kuubisha ni wa nani, na nilimfanya nini mwenye mlango huo. Mkifika bila kujua, atasema neno moja juu yangu, nawe kwa ule ulimi wako utamjibu, na hapo mtakuwa mmejifungia wenyewe. Hakuna mlango mwingine, mwanangu. Nimefikiri yote niliyoweza kufikiri.

Mama yako Mwanamvua nilimwoa kwao, juu ya Mlali, kwenye kijiji hicho mnachokwenda. Mimi mtoto wa mjini. Baba yangu alikuja na misafara kutoka pwani akaishia hapa, na kwetu mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Kwao si hivyo. Mluguru huhesabu kwa mama. Ukoo, wenyewe wanauita lukolo, unapita kwenye tumbo la mwanamke. Shamba ni la lukolo, makaburi ni ya lukolo, na mtoto akipatwa na jambo anayeulizwa si baba, ni mjomba. Nilielezwa haya yote siku ya posa. Nikaitikia kila neno kwa kichwa huku nikila ndizi zao, na moyoni nikisema mila hizi za shamba zitakwisha zenyewe. Nilikuwa karani wa akida, nina kanzu nyeupe na kalamu sikioni. Nani wa kunifundisha mimi?

Kaka yake mama yako, Mkude, alinipokea vizuri. Mila ilitaka mkwe alime msimu mmoja shamba la wakweze. Nikalima nusu siku, malengelenge yakanitoka. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua jembe langu akaimalizia sehemu yangu, akaniambia, "Shemeji, wewe kaa utuandikie barua." Hakusema kwa dharau. Mimi nikasikia dharau. Nina ugonjwa huo mpaka leo: mtu akinicheka kidogo, naweka akiba.

Wewe ulipozaliwa alishuka kwa miguu na mkungu wa ndizi begani na jogoo kwapani. Ulipoanza kusema ulimwita Mjomba Bega, kwa sababu akiwapo hukukubali kutembea. Nadhani unamkumbuka kidogo. Nimejitahidi sana usimkumbuke.

Mama yako alipofariki kwa uzazi wa Idi, ulikuwa na miaka tisa. Baada ya arobaini Mkude akaja na wanawake wawili wa ukoo. Walikuja na mbeleko mpya, bado ina harufu ya duka.

"Shemeji, poleni tena," akasema. "Tumekuja kuwachukua wana wetu."

"Wana wenu?"

"Wa dada yetu. Kwetu mtoto ni wa tumbo, shemeji. Shamba la mama yao lipo, bibi yao yupo, huyu mchanga atapata wa kumnyonyesha. Nawe utakuja wakati wowote, nyumba ni yako."

Sikiliza alivyosema: nawe utakuja. Mimi maneno hayo ya mwisho sikuyasikia mpaka miaka mitano baadaye. Wakati ule nilisikia tu kwamba nimefiwa na mke na sasa nanyang'anywa watoto. Nikamwambia mtoto wa Kiislamu ni wa baba yake, kamuulize kadhi. Yeye Mwislamu kama mimi, na anaswali kuliko mimi. Nikamwambia akirudi nitamshitaki kwa akida. Wale wanawake wakaikunja mbeleko yao wakaondoka nayo, na Idi usiku ule alilishwa uji kwa kijiko na mtu asiyejua kushika kijiko.

Alirudi. Alikuja mara tatu. Mara ya pili ulikuwa chuoni, mara ya tatu nilikutuma kisimani nilipomwona anakuja kwa mbali. Ulipouliza mbona Mjomba Bega haji, nilikwambia ametusahau, ana watoto wake sasa. Ulilia siku mbili, kisha hukumtaja tena. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, na naandika hivyo hivyo nilivyofanya.

Sikuwafundisha hata jina la ukoo wenu. Mtoto wa huko wa miaka minne akiulizwa yeye wa nani, hutaja lukolo la mama yake hata kabla ya jina lake mwenyewe. Wewe una miaka kumi na minne, na ukiulizwa unajibu "binti Salum" na kidevu juu, kama nilivyokufundisha. Basi shika hili: ninyi ni Wamwenda. Mfundishe Idi njiani, alirudie mpaka amchoshe Bibi Tabu. Ningeweza kuwapa neno hilo moja bure miaka yote hii, nami nikalificha.

Nimeinuka kidogo. Askari wawili walikuwa wanamvuta mbuzi wa jirani, na jirani anawafuata nyuma akiwasihi kwa majina ya mama zao. Umeingia ndani na unga mikononi ukaniuliza naandika nini tangu adhuhuri. Nimesema kazi ya boma. Umesema, "Boma lenyewe linaungua, kazi gani?" Umetoka. Sijui nilikuzaa au nilikuchonga kwa mti mgumu.

Sasa linakuja lenyewe. Nimezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Vita vilipoanza ikaja amri ya wachukuzi. Kila jumbe alete watu, karani aandike majina. Jumbe wa kijiji cha mama yako alikuja amepungukiwa na mtu mmoja. Akasema waliobaki ni wazee na wagonjwa. Nikamuuliza, "Na Mkude?"

Jumbe akanitazama. "Karani, yule ana mama mzee, na wajane wa nduguze anawalimia yeye. Tena ni shemeji yako."

"Serikali haina shemeji," nikasema. Nikaandika. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri, naukumbuka. Herufi ya kwanza ya jina lake niliipinda mkia.

Hakuna aliyeniamuru, Zuhura. Mara nyingi nimejiambia kwamba ilikuwa amri, na amri ilikuwapo kweli, lakini jina nililitoa mimi. Nilitaka tu asije mara ya nne.

Kesho yake walipitishwa mbele ya boma, kamba shingoni, wamefungwa mmoja nyuma ya mwingine. Mimi nilikuwa barazani na meza yangu. Sikutaka kuinua macho. Nikasikia, "Shemeji, hujambo? Watoto hawajambo?" Nikainamia karatasi. Mtu ananijulia hali na kamba shingoni, nami sikumwitikia.

Alirudi baada ya miezi mingi. Wenzake wengi hawakurudi. Bega lake la kulia limekufa, mkono haupandi juu ya kifua. Mama yake, ndiye bibi yako, alifariki yeye akiwa bado njiani na mizigo ya watu, akazikwa bila mwanawe. Jumbe akamwambia ni nani aliyetoa jina lake. Basi huyo ndiye mwenye mlango, na ndiyo sababu utakapomwona usimrukie begani wala usimkazie macho mkono wake.

Utauliza kilichonigeuza. Ningependa kusema ni toba. Ni Asia.

Wewe ulikuwa sokoni siku lilipopita lile kundi kutoka Turiani. Watoto tu, bila mtu mzima, mkubwa wao huyu Asia, mdogo wake mgongoni. Alisimama mlangoni kwetu akaamkia, akauliza kama kuna mahali wanaweza kulala. Nikamjibu, "Songeni mbele, boma watawaangalia." Nilijua vizuri kwamba boma halimwangalii mtu. Nilikuwa na mtama wa kututosha sisi tu, na nilikuwa na haraka. Akasema asante, wakasonga mbele.

Siku ya nne nikamwona karibu na stesheni, peke yake. Mbeleko ilikuwa imefungwa vilevile, fundo kifuani, na mgongoni hakuna mtu. Akanitambua. Akasema, "Shikamoo, baba," kwa adabu ileile, kana kwamba si mimi niliyemfukuza.

Nikamleta nyumbani. Ulinuna kwa sababu nilimpa mkeka wako, ukasema naokota watu. Hukujua, na yeye hakukwambia. Usimuulize habari ya mdogo wake. Siku akitaka atasema mwenyewe, na siku hiyo acha kila kazi umsikilize. Mimi tangu nilipomleta sijalala sawasawa. Kila nikifumba macho namwona msichana mlangoni kwa mtu, na msichana ni wewe, na Idi hayupo mgongoni, na mwenye nyumba anasema songeni mbele.

Ndipo nikaenda kwa Bibi Tabu, naye ni mtu wa milima ile ile, nikamwomba apande kwa Mkude na ujumbe wangu: watoto ni wenu, nilikosea, wapokeeni. Maneno hayo yalinichukua siku tatu kuyatoa kinywani. Alirudi juzi. Akatua kikapu, akanywa maji kwanza, maana mama yule hana haraka hata mji ukiungua.

"Haya, mama, kasemaje?"

"Kasema waje."

Nikaanza kushukuru Mungu.

"Ngoja, baba, sijamaliza," akasema. "Kasema watoto waje. Kasema wewe usije."

"Na yule wa Turiani?"

"Huyo sikumtaja. Si wa ukoo wao. Hilo mtamalizana wenyewe."

Kwa hiyo Asia hana haki yoyote kule, na anajua. Mkifika atataka kusimama nyuma, karibu na njia, awe tayari kusonga mbele. Usimwache. Mshike mkono tangu mbali, na mkiulizwa ninyi wangapi, sema watatu. Usieleze zaidi. Ulimi wako uliowahi kunitia aibu mbele ya akida, leo nauombea uwe mrefu.

Juzi hiyo, hata baada ya kuambiwa nisije, nilikuwa nimeazimia kuja. Nilitaka nikae nje ya ua wake mpaka ama anipige ama anikaribishe. Kwa hiyo zile siku tatu nilizokwambia hazikuwa uongo mtupu wakati nilipozifikiria mara ya kwanza.

Jana akida akaniita. Jeshi linarudi kusini kupitia milimani, wachukuzi wanatakiwa, na hakuna wakati wa kuwangoja majumbe. Akasema, "Toa orodha ya zamani, nakili majina ya wote waliorudi wakiwa hai." Nikakaa nikanakili. Nikafika kwenye ile herufi yenye mkia.

Askari wanapanda na karatasi hiyo kesho kutwa. Wangemkuta Mkude ninyi mmelala kwake usiku wa kwanza, na wangemchukua mbele yenu na bega lake hilo hilo, na nani hapo angebaki kuwalisha? Nikaliruka jina. Lakini idadi lazima itimie. Mdachi hatazami sura, anahesabu vichwa, na kikipungua kimoja hukamata yeyote aliye karibu. Basi pale pale nikaandika Salum bin Juma, mtu wa kijiji hicho. Miaka kumi na sita tangu nimwoe mama yako, ndiyo mara ya kwanza nimekubali kuwa mtu wa kwao.

Akida aliposoma akacheka, akasema karani amechoka kukaa kitini. Kisha akaona sicheki, akatia muhuri. Kesho kutwa nitajipeleka mwenyewe boma, wasinitafute kule kwenu.

Naogopa, mwanangu. Sitakuficha. Mabega haya hayajabeba hata gunia la chumvi. Leo asubuhi nilijaribu kuinua ule mtungi mkubwa ukiwa umejaa, nione, nikamwaga nusu, nawe ukanicheka ukasema, "Baba, kazi hiyo waachie wenyewe." Ulinicheka na sikuudhika. Nilitamani uendelee kucheka mpaka jioni.

Usidhani nakwambia haya ili unione shujaa. Shujaa angeitikia salamu pale barazani. Mimi nimechelewa miaka miwili, na jina langu moja halimrudishii mama yake wala mkono wake. Nimefanya lililobaki kufanyika, basi.

Jua limeshuka kwenye mabati ya stesheni, na Idi anamwita Asia amfungie kamba ya upinde wake, ule anaosema atawapigia simba njiani. Mwache aubebe, hata ukikuchoma mbavuni. Sina nafasi tena, na ombi langu kubwa bado.

Usimwambie Mkude. Yeye hajui kwamba jina lake lilitakiwa kuwamo kwenye karatasi ya jana, na Bibi Tabu hajui, ni wewe tu. Utatamani sana kusema. Siku atakaponitaja kwa ubaya mbele ya Idi, na atanitaja, maneno yatakufika ulimini. Yameze. Ukimwambia, utamlazimisha anishukuru, na sitaki mtu niliyemtia kamba shingoni alazimike kunishukuru. Nimemnyang'anya mengi, hasira yake mwachie. Ninyi hamna kosa, naye ni mtu mwema, atazitenga hasira zake mbali nanyi kama hutazichokoza kwa kunitetea. Endelea kupepeta unga wako tu.

Usije njiani kunitazamia. Usimtume mtu mjini kuniulizia. Nikirudi, najua pa kusimama, nje ya ua, mpaka mwenyewe aseme pita. Nisiporudi, mwambie Idi baba yake alimpenda, na siku akiwa mkubwa msomee yote haya, pamoja na yale ya barazani.

Na hili ndilo lililonipa tabu kuliko yote kuliandika. Ipo siku, labda mvua za kwanza zikianza, labda baada ya mwaka, Mkude atasahau kidogo. Atakuwa kule bondeni na jembe lake la mkono mmoja, atainua kichwa akuite kwa sauti, "Mwanangu!" Utasita. Utaona kama ukiitika unaniacha mimi. Itika, Zuhura. Usimwache aite mara mbili.

Ni mimi, baba yenu ninyi watatu,
Salum bin Juma